Naomba ushauri: picha za vinyago zinafanya tovuti iwe nzito

Habari zenu wakuu, niko Mtwara mjini nauza vinyago vya mpingo vya Kimakonde, picha napiga kwa simu kila moja MB 4 mpaka 6, mteja akifungua tovuti kwa bando lake inazunguka weee mpaka anaondoka. Nimejaribu moja, nimeipunguza upana hadi pikseli 1200 nikaigeuza kuwa WebP (aina ya faili la picha lisilo zito, la kuweka mtandaoni) ikashuka mpaka KB 180, ila ile mistari midogo ya patasi usoni mwa kinyago imefifia na ndiyo mteja anataka kuiona jamani. Ubora niweke asilimia ngapi? Halafu mafaili yote yanaitwa IMG na namba, nikiyaita kinyago-mpingo-mtwara na kuongeza maelezo ya picha, Google si itasahau zile za zamani? Ziko zaidi ya 60, sitaki nirudie kazi.