Naomba ushauri: Ritani yangu ya kodi Marekani imekataliwa kwa sababu ya namba ya utambulisho

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Naishi Marekani na ritani (fomu ya kila mwaka ya kutangaza mapato na kodi) najaza mwenyewe mtandaoni. Mwaka jana niliibiwa pochi, nikaomba ile namba ya tarakimu 6 ya kulinda utambulisho ili mwizi asijaze ritani kwa jina langu. Juzi nimetuma ritani kwa IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), ikarudi na alama ya kosa IND-180-01. Kumbe namba hiyo hubadilika kila mwaka, nami niliweka ya zamani! (Si ile ya tarakimu 5 ya kusainia, hiyo iko sawa.)

Barua yenye namba mpya nahisi imeenda nilikohama. Nikijaribu kuingia kwenye akaunti yangu ya IRS mtandaoni niichukue namba, uhakiki wa picha unagoma. Nahisi ni kwa sababu leseni ina jina la kati, kadi ya soshali (ya hifadhi ya jamii) haina.

Aliyewahi kukwama hapa alifanyaje? Nipige simu IRS watume barua upya, au niprinti ritani nitume kwa posta na kuvumilia marejesho kuchelewa? Siku ya mwisho, Aprili 15, inakaribia. Au nijaze kwanza fomu 4868 ya kuongeza muda? Sidaiwi, nawadai wao.