Re: Kushiriki IETF ukiwa na mtoto mdogo na pasipoti ya kwetu

Ndugu zangu, salaam.

Kwa mdogo wangu aliyeuliza kama aombe likizo aende mkutano wa IETF, wale wanaoandika itifaki za intaneti, yaani kanuni ambazo vifaa hufuata ili kuwasiliana: anza na orodha zao za barua pepe, mkutano utafuata. Hazina uanachama wala ada, na hata jambo likikubaliwa ukumbini, lazima lithibitishwe huko. Anayetaka sauti zetu zisikike pale, nguvu zake aziweke hapo kwanza.

Barua yangu ya kwanza niliianza kwa salamu, nikajitambulisha, nikashukuru kwa kazi yao, aya mbili nzima, kama nilivyolelewa. Hoja ikaja mwishoni: rasimu ya itifaki mojawapo ilitaka simu itume ujumbe mdogo kila baada ya sekunde chache ili muunganisho usikatike, na mama yangu kule Muheza hununua bando la siku, kila baiti anailipia. Nikajibiwa mstari mmoja tu: umeisoma rasimu? Wiki tatu sikuandika kitu. Kisha mzee mmoja wa kikundi kilichoandika rasimu ile akaniandikia pembeni: futa aya mbili za juu, hoja ina uzito, itume tena. Nikaituma. Waliijadili siku nne.

Mtu wa namna ile tunamhitaji kuliko tamko lolote la kukaribisha wageni. RFC 7704, mojawapo ya nyaraka wanazochapisha wenyewe, ya mwaka 2015, ilishasema kwamba ukali unafukuza wachangiaji. Basi tuliozoea lugha yao tuwasomee vijana wa Dar na Mwanza rasimu za barua zao kabla hazijatumwa. Nileteeni mimi.

Kuhusu mtoto: tangu Philadelphia, Julai 2022, walianza kuweka huduma ya malezi mkutanoni, jiandikishe mapema. Ukishiriki kwa mbali, unaweza kuomba usamehewe ada.

Dada yenu, Utrecht

---

Shikamoo dada,

Naongeza la viza. IETF ilianza 1986, na Amerika ya Kusini ilingoja hadi Buenos Aires, 2016, kupata mkutano. Afrika bado. Sisi wenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, tunaingia Prague au Vienna bila viza nyingine, ilimradi tusizidishe siku 90 ndani ya 180. Aliyeko nyumbani aombe barua ya mwaliko mara tu anapojiandikisha, maana ubalozi hupokea maombi hadi miezi 6 kabla ya safari na miadi hujaa haraka.

Rasimu ya mdogo wangu wa Mwanza nakutumia leo jioni.