Mjadala: Mkutubi wa shule apewe vipindi, au abaki na funguo?

Mkutubi wa Sekondari: Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Nilihitimu stashahada ya ukutubi Bagamoyo, katika chuo kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na huu ni mwaka wangu wa sita katika shule ya kata. Kwenye orodha ya majukumu iliyobandikwa ofisi ya walimu, jina langu limeandikwa mara saba: maktaba, kudurufu mitihani, kugawa vitabu vya kiada, stoo ya vifaa vya michezo, kuingiza majina ya wanafunzi kwenye kompyuta, kusimamia masomo ya usiku, na kukaa na darasa ambalo mwalimu wake ana udhuru. Sikatai kazi hata moja. Ninachoomba ni kipindi kimoja kwa wiki kwa kila mkondo wa kidato cha kwanza, kwa sababu watoto wengi hutufikia wakiwa hawajawahi kuingia maktaba. Ukimpa mmoja wao kitabu cha Biolojia atafute habari za figo, anaanza kufunua ukurasa wa kwanza na kuendelea, wala hajui kwamba nyuma kuna faharasa. Je, si haki mkutubi atambuliwe kwamba naye anafundisha?

Mwalimu wa Hisabati: Dada, nakuheshimu, lakini ratiba imejaa. Mimi peke yangu nina vipindi 28, na kidato cha nne wanakabiliwa na mtihani wa taifa. Shule nyingi hazina mkutubi kabisa. Mwalimu wa somo hukabidhiwa maktaba juu ya vipindi vyake, na kazi inakwenda. Tuseme kweli, kufungua mlango asubuhi na kuufunga jioni hakuhitaji stashahada.

Mkutubi wa Tanga: Mwalimu, sentensi yako ya mwisho imeniuma, nami nitaijibu hiyo. Boksi la vitabu 40 likifika, kila kitabu nakipiga mhuri kwenye ukurasa wa jina na kwenye ukurasa mmoja wa ndani ninaoujua mimi, ili hata jalada likichanwa mwenye mali ajulikane. Kisha nakiandikisha kwenye daftari kwa namba yake, nakisoma vya kutosha kujua kinahusu nini, na kukipangia mahali kwa mfumo wa Dewey, ambao hupa kila mada namba yake: kemia 540, fasihi ya Kiswahili 896.392. Namba hiyo naiandika kwenye kibandiko cha mgongoni na kuifunika kwa selotepu, maana jasho la mikono huifuta kabla muhula haujaisha. Kitabu kilichorudishwa kwenye rafu isiyo yake kimepotea, ingawa kimo humo humo chumbani. Kazi hiyo ndiyo iliyo nyuma ya mlango unaousema.

Mzazi wa Kidato cha Pili: Hiyo namba ya daftari ndiyo iliyomtoa mwanangu darasani. Aliitwa mbele ya wenzake, akaambiwa kitabu namba fulani kiko jina lake, na asirudi shuleni bila fedha. Mtoto aliapa kwamba alimkabidhi mwanafunzi wa zamu kwa sababu mkutubi alikuwa anadurufu mitihani. Tangu 2016 tunaambiwa elimu ni bila malipo, nami nikauza kuku wawili kulipia kitabu.

Mwalimu wa Hisabati: Mama, pole, lakini elimu bila malipo haina maana kwamba kitabu cha umma kipotee bila mtu kuulizwa. Vile vitabu vya chenji ya rada, yaani fedha tulizorudishiwa baada ya nchi kuuziwa rada kwa bei ya juu, nadhani ilikuwa 2013, shule zilivipokea kwa maboksi. Leo vimebaki vingapi?

Mkutubi wa Sekondari: Fedha ile iliyotoka kwa BAE Systems, kampuni ya Uingereza iliyouza rada hiyo, ilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi, kwa hiyo kwetu sekondari usituhesabie. Ila umegusa kidonda changu. Tulipohesabu vitabu mwaka juzi, 14 havikuonekana, na niliambiwa kwa maandishi nivilipe. Tangu siku hiyo kabati la riwaya nimelifunga kwa kufuli, na mtoto akitaka kusoma lazima akae mezani nikimwona. Najua sikufundishwa hivyo Bagamoyo. Naona aibu kuliandika hili, lakini mshahara wangu ni mmoja.

Mwalimu Mstaafu: Binti yangu, kitabu kinachosomwa huchakaa, na kingine hupotea, maktaba ambayo haijapoteza kitabu kwa miaka kumi haijaazimisha. Zamani tukihesabu mwisho wa mwaka, vilivyochanika na visivyoonekana viliorodheshwa kando, mkuu wa shule akasaini, orodha ikapelekwa ngazi ya juu kuombewa kibali cha kuvifuta. Aliyefanya uzembe aliwajibishwa, lakini hatukuanza na mshahara wa mtu kabla ya kuuliza kilipoteaje.

Mwalimu wa Hisabati: Mzee, kwa hilo nakubaliana nawe, na neno langu kuhusu mlango nalirudisha. Hata hivyo, kibali hicho huchukua muda mrefu, na mkaguzi akija hapokei maelezo, anataka kuona kitabu.

Mkutubi wa Tanga: Ndiyo maana anayedurufu mitihani asiachiwe pia meza ya kuazimia. Mwanafunzi wa zamu alipokea kitabu, hakukata jina, na mzazi akalipa. Kosa hilo ni la aliyempangia mtu mmoja kazi mbili kwa wakati mmoja.

Mzazi wa Kidato cha Pili: Mimi bado nauliza: fedha niliyolipa ilinunua kitabu kingine?

Mkutubi wa Sekondari: Mama, sijui kwa shule ya mwanao. Kwangu, fedha za namna hiyo hukatiwa risiti na kuingia kwenye akaunti ya shule, na kwenye daftari langu kitabu hubaki kimeandikwa kuwa hakijarudi. Ninacho kimoja hivyo, namba 1147, ambacho mzazi alikilipia na bado nimo kwenye orodha ya kukilipa.