Cambridge wanataka A* mbili, shule imenikadiria moja: niombe au niache?

binti_mikocheni

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo vipi.

Niko mwaka wa mwisho wa A-level hapa Dar, mtaala wa Cambridge, siyo NECTA. Masomo yangu ni Hisabati, Fizikia na Kemia. Nataka kusoma uhandisi, na chuo nilichokiweka moyoni miaka yote ni Cambridge. Ofa yao ya kawaida kwa uhandisi ni A*A*A (A* ni gredi ya juu kuliko A, ndiyo tunaiita nyota). Sasa shule imetoa makadirio ya gredi nitakazopata: Hisabati A*, Fizikia A, Kemia A. Nimepungukiwa nyota moja.

AS, yaani mitihani ya nusu ya kwanza ya A-level, nilipata hivi: Hisabati 92, Fizikia 81, Kemia 84. Hisabati ya Juu (Further Mathematics) shuleni kwetu haifundishwi.

Baba anasema nisichezee nafasi, niombe vyuo vinavyolingana na makadirio yangu. Mama anasema niombe tu. Mimi nawaza mambo matatu: niombe hivihivi, nimwombe mwalimu wa Fizikia anipandishie, au nimalize kwanza, nikae mwaka mmoja nyumbani, kisha niombe nikiwa na matokeo mkononi. Naombeni ushauri, muda unanibana.

kipanga_wa_jukwaa

Omba. UCAS, mfumo wa kuombea vyuo vya Uingereza, wanakupa chaguo tano, moja ukiitupa Cambridge unabaki na nne. Wakikukataa wamekukataa, hawakufungi.

mdau_Leeds

Kipanga kasema kweli ila kaimaliza mapema mno. Mdogo wangu, kuna mambo watu wa nyumbani huwa hatuyajui mpaka tumeshafika huku.

Kwanza, huwezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja. Ni moja au nyingine. Pili, hizo mbili mwisho wake ni 15 Oktoba saa 12 jioni ya Uingereza, ambayo kwenu ni saa 2 usiku. Usisubiri saa hiyo, maana fomu haitoki mpaka shule iambatanishe barua yake, na shule nyingi zina tarehe yao ya ndani ya mapema zaidi. Tatu, uhandisi wa Cambridge una mtihani wake wa kujiunga, ESAT, na usajili wa awamu ya Oktoba hufungwa Septemba. Watu wanahangaika na maelezo binafsi miezi miwili halafu wanakuja kugundua hawakujisajili kwenye mtihani. Hapo hakuna wa kumlilia.

Na kingine: vyuo havioni umeomba wapi pengine mpaka umalize kujibu ofa zako. Kwa hiyo ile hofu kwamba Sheffield au Manchester wakiona Cambridge kwenye orodha watakununia, itoe kichwani.

mkweli_daima

Mimi napingana nanyi. Cambridge kwa jumla ni kama waombaji sita kwa nafasi moja, na hao sita wengi wamekadiriwa A* tupu. Mtoto ana A moja kwenye Fizikia, somo ambalo uhandisi unalitegemea. Kwa nini mnampa moyo wa bure?

Ticha_Fizikia

Nimefundisha mtaala huu miaka mingi na barua za UCAS nimeziandika hadi nimechoka. Nitaandika kidogo kwa kirefu, mnisamehe.

Mkweli, waombaji wengi wamekadiriwa juu, ni sawa. Lakini wanaopokea maombi wanajua makadirio yalivyo. Mwaka 2016 Gill Wyness alichapisha utafiti wake kuhusu Uingereza: ukichukua A-level tatu bora za kila mwombaji, ni 16% tu waliopata kile hasa walichokadiriwa. Robo tatu walikuwa wamekadiriwa juu kuliko walichokuja kupata. Ndiyo maana ESAT ipo. Cambridge wanaangalia faili zima, pamoja na alama zako za AS na barua ya shule.

Binti, hesabu inayonitia wasiwasi mimi ni nyingine. Una 81 ya Fizikia kwenye AS. Kwenye mtaala huu AS ni nusu ya A-level nzima, na A* inaanzia 90. Kwa hesabu ya kijuujuu, ukiibeba hiyo 81 kwenda mbele unahitaji 99 kwenye nusu iliyobaki ili ufike 90. Tisini na tisa! Kwa hiyo mwalimu wako aliyeandika A hakukuonea. Kaandika kile ambacho karatasi zinaonyesha. Linganisha na Hisabati: una 92, unahitaji 88 tu. Kemia una 84, ukipata 76 A unayo.

Kwa hiyo usimwombe akupandishie gredi. Muulize swali jingine: je, shule itaniruhusu kufanya karatasi zote tano za Fizikia pamoja mwezi wa tano na wa sita, badala ya kubeba alama za AS? Karatasi moja moja hairudiwi, ni AS nzima au hakuna. Ni mzigo, sikufichi, lakini 81 ya mwaka jana ikifutwa hesabu inaanza upya. Mwalimu akiona umejipanga hivyo, na mtihani wa ndani wa mwezi huu ukitoka vizuri, atakuwa na sababu ya kubadilisha makadirio kabla barua haijatumwa. Bila hivyo unamwomba hisani, na hisani hiyo haitakusaidia Agosti, kwa sababu ofa itabaki A*A*A hata akikuandikia nyota kumi.

Halafu Karatasi ya 5 ya Fizikia. Wanafunzi wangu wote wanaidharau. Ni ya saa moja na robo, alama 30, unaulizwa namna ya kupanga jaribio na kuchambua data, vifaa hugusi. Ndiyo inayoangusha watu wenye akili nyingi.

binti_mikocheni

Ticha, asante sana. Hiyo ya 99 sikuwahi kuipiga hata siku moja, nilidhani nikisoma kwa bidii itajipa. Kesho namfuata mwalimu.

Hisabati ya Juu je? Kuikosa kutaniharibia?

Ticha_Fizikia

Ingekusaidia, maana Hisabati ya uhandisi pale inakimbia. Lakini kama shule haina, mwombe anayeandika barua aseme hivyo waziwazi, kwa sentensi moja tu. Asipoandika, msomaji anaweza kudhani uliikwepa. Wewe jisomee mwenyewe namba changamano na matriksi, ukiitwa usaili usitoe macho.

mwana_wa_Pwani

Nichangie la kusubiri mwaka. Mimi ndivyo nilivyofanya, siyo Cambridge, ila chuo cha daraja hilo. Mara ya kwanza nilikadiriwa chini, nikakataliwa. Nikamaliza, matokeo yakatoka mazuri kuliko makadirio, nikaomba tena, ofa ikaja bila masharti ya gredi. Faida yake ni hiyo, hakuna tena kubahatisha. Lakini usifanye kinyume, yaani kutoomba mwaka huu *kwa sababu* utaomba mwakani. Omba sasa, ukikosa na matokeo yakawa mazuri, ndipo usubiri. Na ESAT inafanywa mara moja tu kwa kila msimu wa maombi, kwa hiyo mwakani utaifanya upya.

MamaWawili

Wanangu, mnazungumza nyota nyota, pesa hamjaigusa. Binti yangu alipata ofa Uingereza, tukakaa sebuleni na kikokotoo mpaka usiku, tukaiacha. Ada ya uhandisi Cambridge kwa mgeni ni zaidi ya pauni 40,000 kwa mwaka, na kozi ni miaka minne. Hapo bado malazi, na ile ada ya afya ya viza ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kila mwaka na unalipa yote mwanzoni. Baba yako anaposema usichezee nafasi, labda anawaza hayo na hataki kukuvunja moyo. Muulize.

mdau_Leeds

Mama kasema la msingi. Na msidanganyane na majina ya ufadhili yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Gates Cambridge, Chevening, Rhodes, zote ni za shahada ya pili na kuendelea. Kwa shahada ya kwanza Oxford wana Reach Oxford kwa wanafunzi wa nchi za kipato cha chini, nafasi zake ni chache mno. Kama nyumbani hawawezi kulipa, hilo peke yake linatosha kukufanya uchague Oxford badala ya Cambridge, au ugeukie Marekani. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii uwezo wa kifedha wanapochagua hata wageni, na ukichaguliwa wanagharamia kulingana na mahitaji. Kuingia kule nako ni tabu, lakini ukiingia hesabu ya pesa imeisha.

binti_mikocheni

Nimeongea na baba usiku huu. Mama yangu wa jukwaani, ulikuwa sahihi, ni pesa. Ila kuna baba mdogo yuko Muscat amesema atabeba sehemu, na kuna kiwanja Kigamboni. Baba kasema niombe, tutajua mbele ya safari.

Mwalimu wa Fizikia amekubali nifanye karatasi zote. Makadirio amesema atayaangalia baada ya mtihani wa ndani, hakuniahidi kitu. ESAT nimejisajili: Hisabati 1, Hisabati 2 na Fizikia.

Nafikiria kuweka Cambridge, Imperial, Bristol, Manchester na Sheffield. Iko sawa?

Ticha_Fizikia

Imperial nao wako A*A*A kwa idara nyingi za uhandisi, na wanatumia ESAT hiyohiyo, kwa hiyo mtihani haukuongezei kazi. Lakini jua hizo ni ndoto mbili za urefu mmoja. Majibu yakija utabakiza ofa mbili tu, ya kwanza na ya akiba. Usije ukaweka Cambridge kwanza na Imperial akiba, nyota ikikosekana Agosti zinaondoka zote mbili siku moja. Akiba iwe Sheffield au mwingine wa AAA, na pawe mahali ambapo kweli utakubali kwenda.

Na ESAT haina kikokotoo. Anza leo kugawanya kwa mkono.

kipanga_wa_jukwaa

Kiwanja Kigamboni msiuze kabla ya Januari, majibu ya Cambridge ndipo yanapotoka.