Nisome nini kwenye wasifu wa bibi?

Mjukuu wa Igoma: Wadau bibi katutoka, misa Jumamosi, wasifu nasoma mimi. Mama anataka vyeo vyote vya WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) na jumuiya, ila mi namkumbuka anageuza dagaa kule soko la samaki Mwaloni Kirumba, Mwanza, huku rozari imezungushwa mkononi inanuka dagaa hadi kanisani. Niweke?

Nyakato: Pole sana ndugu yangu. Vyeo sentensi moja inatosha, paroko anavijua. Dagaa weka!!

Mama Kevo: Poleni. Bibi wa kwetu akikosea Salamu Maria anarudia fungu zima, babu keshakoroma zamani, nilisoma hiyo kanisa likacheka na kulia. Halafu vitenge vyake vya WAWATA gaweni mapema, shangazi zangu walinuniana hadi misa ya marehemu 2 Novemba.

Mjukuu wa Igoma: Ahsanteni, dagaa naweka, mama atajua hukohuko