Tupeane uzoefu: Siku yako ya kwanza kushindana na saa kwenye baiskeli (Dodoma na kanda ya kati)

Geuza Pipani

Wakuu, habari za Jumapili.

Uzi huu ni wa wale waliowahi kushindana na saa juu ya baiskeli. Sizungumzii zile mbio za kufyatuka kundi zima kama kuku waliomwagiwa mtama. Nazungumzia za mmoja mmoja. Unakaa kwenye mstari, mtu anakushikia tandiko, mshika saa anahesabu tano, nne, tatu, unaondoka. Dakika moja baadaye anaondoka mwingine. Kujibanza nyuma ya mwenzako ni marufuku. Mwenye muda mfupi ndiye mshindi, hata kama barabarani hamkuonana kabisa.

Sisi tupo kumi na kitu: watumishi, mafundi, vijana wawili watatu wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na mzee mmoja wa maziwa. Tunakutana Nala, barabara ya Singida, saa 12 na nusu asubuhi, malori ya Kigali na Kongo yakiwa bado hayajachangamka. Kilomita 10 kuelekea Bahi, unakuta pipa lililopakwa chokaa na kijana mwenye kitambaa chekundu, unageuza, kilomita 10 kurudi. Kiingilio 2,000, ya maji na soda ya mshika saa.

Naanza na yangu. Ilikuwa mwezi wa saba, na upepo wa Dodoma mwezi wa saba mnaujua: unatoka mashariki na hauna adabu. Nilikuwa na baiskeli ya mbio ya mtumba, gia 14, nimeisugua mpaka jirani akauliza kama naiuza. Nikaondoka wa tano. Kilomita ya kwanza nikajiona malaika. Pedali nyepesi, na masikioni sisikii kitu. Kumbe ile ndiyo ilikuwa dalili, ila sikuijua. Ukiwa kwenye mwendo mkali halafu masikio yako yako kimya, ujue upepo ndio unaokusukuma. Na barabara yenyewe kwenda Bahi inashuka kidogo kidogo, jicho halioni ila mguu unajua.

Nikampita wa nne. Nikampita wa tatu, huyo nikampungia na mkono. Pipani dakika 15 kamili, yaani mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Nikaanza kupanga maneno ya kuwaambia ofisini Jumatatu. Nikageuza.

Wakuu, ilikuwa kama kuingia kwenye duka la magodoro halafu mlango uko upande wa pili. Nakanyaga, baiskeli inanisikiliza tu. Nikatema mate, yakanirudia shavuni. Kilomita ya 13 gia zimeshaniishia kwa chini. Kilomita ya 15 yule niliyempungia mkono akanipita. Hakupunga. Alikuwa amelala juu ya usukani kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka. Kurudi peke yake ilinichukua dakika 31. Jumla 46.

Mzee wa maziwa na baiskeli yake ya Phoenix yenye keria (madumu aliyaacha nyumbani siku hiyo) alipata 48 na kitu. Nilipokwenda kumpa shikamoo akaipokea, kisha akaniuliza: "Mwanangu, wakati wa kwenda ulikuwa unatumia hela ya nani?"

Jioni nikakaa na karatasi. Mtu anayekwenda 30 kwa saa siku tulivu anamaliza kilomita 20 kwa dakika 40. Siku ya upepo akienda kwa 40 na kurudi kwa 20, kichwani utasema wastani ni ule ule 30. Sivyo. Kwenda ni dakika 15, kurudi ni dakika 30, jumla 45. Zile dakika tano zimeliwa, kwa sababu kwenye upepo mbaya unakaa muda mrefu kuliko kwenye upepo mzuri. Mzee alikuwa akitunza miguu kwenda, anaitumia kurudi. Mimi nilifanya kinyume, na kwa mbwembwe.

Haya, leteni zenu. Aliyeanguka, aliyepotea, aliyepewa muda wa mwenzake.

Kapuku wa Area C

Nimekaa hapa na ubuyu wangu. Endeleeni.

Fundi Spoku

Mkuu, hapo kwenye masikio kimya umenena.

Mimi ni fundi, kwa hiyo aibu yangu ilikuwa kubwa zaidi. Usiku wa kuamkia mashindano nilihudumia baiskeli za watu wanne: nimekaza breki, nimepaka oili cheni, nimenyoosha rimu moja iliyokuwa inacheza. Yangu nikaiangalia ya mwisho, iko safi. Asubuhi Nala nikabanwa na haja ndogo, nikaisukuma baiskeli hatua sita nje ya lami, nikailaza kwenye majani makavu. Hatua sita tu!

Nikaondoka vizuri. Kama kilomita ya nne nikaona nyuma panakuwa pazito. Nikadhani ni miguu. Nikaongeza nguvu. Kilomita ya sita kila nikikanyaga tandiko linapanda na kushuka kama niko juu ya ngamia. Nikashuka, nikalizungusha tairi taratibu kwenye kiganja: mbigiri. Nilihesabu kumi na moja, zimejipanga kama misumari ya fundi viatu. Ukiing'oa moja inasema "psss", unaiachia ya pili nayo inajibu. Nilisukuma baiskeli kilomita sita kurudi, na kila anayenipita ananiuliza, "Fundi, vipi?"

Tangu hapo baiskeli yangu haikanyagi majani, hata kama nabanwa vipi. Na kabla ya kwenda mstarini napitisha kitambaa kikavu kuzunguka tairi zima. Kikinasa, pana mwiba, na mwiba ambao haujafika kwenye tyubu unautoa bila hasara.

La pili, maana wateja wananichosha. Watu wanakuja kwangu, "fundi, toa kengele, toa stendi, punguza uzito." Barabara ile haina mlima wa maana, kilo moja haitakuua. Kinachokuua ni kifua chako. Ukitoka mwendo wa 20 ukaenda 40, nguvu ya upepo inayokuzuia haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Na sehemu kubwa ya kinachozuiwa na upepo ni wewe, siyo baiskeli. Kuteremsha usukani kidogo na kukunja viwiko ni kazi ya dakika kumi, kwangu ni buku mbili. Ila ujizoeze kukaa hivyo wiki mbili tatu kabla, la sivyo mgongo utakusimamisha kabla ya pipa.

Mwalimu wa Kizota

Salamu kwenu kaka zangu. Mimi ni mwanamke pekee kwenye ile orodha, kwa hiyo wenyeji mnanijua tayari.

Fundi kasema kifua, mimi naongeza nguo. Siku ya kwanza nilivaa fulana kubwa ya mkutano fulani wa chama cha walimu, ya kujisitiri. Kurudi ikajaa upepo mgongoni kama tanga la jahazi, na Dodoma bahari hakuna. Nilikuwa naisikia inapigapiga, pwata pwata pwata, kilomita zote kumi. Siku hizi navaa ya kubana, juu yake kizibao chepesi, na nimeshona kwa ndani kisipepee. Heshima ipo na upepo haupati pa kushika.

Ila kilichonigharimu hasa ni salamu. Ule upande wa kwenda Bahi asubuhi unakutana na akina bibi wanakwenda kanisani. Bibi anakuona, anasimama kabisa, anakuita: "Mbukwenyi!" Mimi ni mjukuu wa Kigogo, nampitaje bibi kimya? Nikaitikia. Wa pili nikaitikia. Wa tatu walikuwa kundi la watu saba, na salamu ya Kigogo haina jibu moja ukaenda zako. Nikijibu, pumzi inakatika. Pumzi ikikatika, mguu unalegea. Siku ile nilimaliza nikiwa nimeulizwa habari za nyumbani mara nne.

Ufumbuzi niliupata kwa mzee wa maziwa. Yeye huinua mkono mmoja mapema, mita hamsini kabla, akainamisha kichwa. Bibi anaridhika. Nimejaribu, inakubali.

Halafu kuna jambo naomba liwekwe sawa. Ukipitwa, kaa nyuma kabisa, mwache aende. Kuna kijana mmoja (hasomi hapa, na kama anasoma basi) nilimpita kilomita ya nane, akaning'ang'ania kwenye tairi la nyuma mpaka pipani, nasikia cheni yake inalia. Yule hakushindana na saa, alibebwa. Na muda wake ukaandikwa kama wa wengine.

Ng'wana Shinyanga

Samahanini wenyeji. Sisi Usukumani tumezoea mbio zenyewe. Watu wamejaa, vumbi limetimka, mnagombania kona, mnapigana vikumbo, atakayetangulia watu wanamwona kwa macho. Hizi zenu za kuondoka mmoja mmoja kama foleni ya mizani zina utamu gani? Mtazamaji anashangilia nini?

Geuza Pipani

Mkuu, karibu. Vikumbo vyenu tunaviheshimu.

Ila utamu upo. Mwaka 1989 Tour de France, mbio za zaidi ya kilomita 3,000, ziliamuliwa siku ya mwisho kwa mtindo huu huu. Mfaransa Laurent Fignon alikuwa mbele kwa sekunde 50, zimebaki kilomita 24.5 tu kutoka Versailles kuingia Paris. Mmarekani Greg LeMond akafunga vyuma vya kuegemea mikono mbele ya usukani (fundi umesikia?), akajikunja, akachukua ubingwa kwa sekunde 8. Sekunde nane, baada ya wiki tatu!

Tena usiende mbali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kwenye ardhi ya Afrika. Siku ya kushindana na saa, Remco Evenepoel wa Ubelgiji alimkuta na kumpita Tadej Pogačar, aliyeondoka dakika mbili na nusu kabla yake. Bingwa mzima anapitwa mchana kweupe na mtu aliyeondoka nyuma yake! Niambie kama hapo mtazamaji hakupata cha kushangilia.

Ng'wana Shinyanga

Hapo sawa. Ila vumbi bado nalitaka.

Mshika Saa Mstaafu

Naona hakuna anayetaka kusimulia upande wangu, basi nasimulia mwenyewe.

Msimu wa kwanza nilikuwa natumia simu. Kila mtu akiondoka nabonyeza, akirudi nabonyeza tena. Mtu wa kwanza sawa. Wa pili akaondoka wa kwanza hajarudi, nikafungua saa nyingine. Wa sita nikapigiwa simu na shemeji. Skrini ikaenda kwa shemeji, saa zikaenda zinakojua. Nilipoirudia sikujua ipi ni ya nani. Nikakisia. Ndugu zangu, nilikisia, na kijana mmoja alipewa dakika mbili zisizo zake akashangilia mpaka akanunulia watu soda. Siku tatu sikulala vizuri, ya nne nikamwambia. Soda hakurudishiwa.

Sasa aliyenipokea nimemfundisha hivi. Saa ni moja, unaiwasha mara moja, haizimwi mpaka wa mwisho arudi. Wa kwanza anaondoka ikiwa dakika 1, wa pili dakika 2, wa tatu dakika 3, kila mtu na namba yake. Kurudi unaandika tu saa inasoma ngapi na namba ipi imepita. Namba 7 akifika saa ikisoma 51 na sekunde 20, toa 7, muda wake ni 44 na 20. Hesabu zinafanywa mkimaliza, mmetulia kivulini. Na watu wawili waandike, kila mmoja na daftari lake, na simu za mashemeji ziwe kwenye gari.

Aliyechelewa kufika mstarini saa haimsubiri. Hili watu wananichukia nalo hadi leo.

Wa Saranda

Nimecheka hapo kwa shemeji. Mimi niko huku Manyoni. Tuna kipande chetu, kile kipandio cha bonde la ufa ukishaiacha Kintinku kuja juu. Tunapanda tu, haturudi. Fundi, huku kengele toa, stendi toa, hata chai usinywe nyingi. Upepo haukupati kwa sababu mwendo wenyewe ni wa kumkimbiza kinyonga. Mwaka juzi nilianza kwa kusimama kwenye pedali kama mwehu. Nusu ya mlima nilipitwa na mbuzi. Siyo methali, mbuzi kweli, alikuwa na haraka zake.

Kapuku wa Area C

Ubuyu umeisha. Wakuu, mtu mwenye baiskeli ya kawaida ya kwenda sokoni anaruhusiwa?

Geuza Pipani

Anaruhusiwa. Breki zishike zote mbili, kofia ngumu lazima, na taa ya nyuma nyekundu iwake hata kama jua limetoka, malori hayana mchezo. Pale pipani usigeuze mpaka kijana ainue kitambaa. Fika mapema uandikwe mwanzoni, jua likipanda upepo nao unaamka.

Na kwa walioniuliza pembeni: Jumapili iliyopita nilifika pipani dakika 18 na sekunde 5, kurudi 22 na 40. Masikio yalikuwa kimya kwenda, nikajishika. Mwalimu kanizidi sekunde 11. Mzee hakuja, ng'ombe wake alikuwa anazaa.

Mwalimu wa Kizota

Sekunde 12, kaka. Daftari ninalo.