Madesa ya twisheni Moshi: mnawauzia watoto mkia wa bakteria na kuuita wa akea

Wakuu habari za muda huu. Mods, naomba msiunganishe uzi huu na ule wa ada, hili ni jambo jingine kabisa.

Kuna kituo cha twisheni pale Moshi mjini, jina nalihifadhi, kinawauzia vijana wa kidato cha tano mchepuo wa PCB desa la Baiolojia kwa shilingi 15,000. Mpwa wangu kalinunua. Nimepitia sura ya uainishaji wa viumbe na damu ikanichemka. Kwenye kipengele cha mwendo wa akea (vijiumbe vya seli moja, kwa macho kama bakteria lakini ni kundi jingine) wamechukua mchoro wa flajela ya bakteria, yaani mkia wake wa kuogelea, ule ule uliomo kila kitabu, wakafuta neno bakteria wakaandika akea. Basi, kazi imeisha, leta hela.

Na kinachoniudhi zaidi ni hiki. Ukurasa uliotangulia desa hilo hilo linasema, na hapo limepatia, kwamba ukuta wa akea hauna peptidoglaikani, ile malighafi ya ukuta wa seli ya bakteria. Geuza ukurasa: flajela ya "akea" imechorewa pete iliyoshikizwa ndani ya peptidoglaikani! Hivi aliyeandika hasomi anachokiandika?

Mimi ni mtu wa maabara tu hapa Arusha, si profesa, lakini mambo haya si siri. Akea walitambuliwa kuwa kundi lao wenyewe tangu 1977, wanasayansi Carl Woese na George Fox walipolinganisha RNA za ribosomu, yaani za viwanda vya protini vya seli. Wengi wanaoogelea wana uzi unaozunguka, kweli, na ukiutazama juu juu utasema ni flajela. Ila mashine yake ni nyingine. Flajela ya bakteria huzungushwa na ioni zinazopita kwenye mota, protoni au sodiamu. Huu wa akea unakula ATP, kemikali ya nishati ya seli. Flajela ina tundu katikati, protini mpya zinasafiri humo hadi nchani ndipo zinaungwa. Uzi wa akea hauna njia hiyo, unaongezewa protini shinani. Undugu wake uko kwa vile vinywele vya bakteria vinavyoitwa pili za aina ya nne, si kwa flajela. Ndiyo maana watafiti Ken Jarrell na Sonja-Verena Albers walipendekeza uitwe akaela, mwaka 2012. Mpwa wangu alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza!

Halafu desa linasema eti "akea wote husafiri kwa flajela". Wote? Methanobrevibacter ruminantium, mmoja wa wale wanaotengeneza methani tumboni mwa ng'ombe, hana mkia wa kuogelea kabisa. Mtoto aliyekulia kihambani, ng'ombe wa ndani yupo nyuma ya jiko, angeambiwa hilo asingelisahau mpaka anazeeka. Lakini mwandishi wa desa anaona shida kufikiri.

Ziwa Natron liko mkoani kwetu. Ule wekundu wa maji chumvi inapokolea unaletwa na vijiumbe wapenda chumvi, akea wakiwemo. Sasa kuna mpenda chumvi mmoja aliyechunguzwa sana maabara, Halobacterium salinarum: akaela zake zikizunguka upande mmoja zinamsukuma mbele, zikigeuza mzunguko zinamvuta kinyumenyume. Ana protini zinazohisi mwanga, anakimbia ule wa kumuunguza na kuufuata ule unaomfaa. Isitoshe ana vifuko vya gesi vya kumwelesha juu ya maji. Desa linampa mstari mmoja: "huishi kwenye chumvi". Mtoto atashindwaje kusinzia?

Tena huyo ni mzembe wa mwendo. Methanocaldococcus villosus, wa kwenye matundu ya maji moto chini ya bahari, amepimwa akikata karibu mara 400 hadi 500 ya urefu wa mwili wake kwa sekunde moja. Duma wa Serengeti akijitahidi sana anafika kama mara 20. Na uzi huo huo si wa kuogelea tu, Pyrococcus furiosus, akea mwingine wa maji moto, anautumia pia kujishikiza.

Bado sijagusa vinywele vingine vya juu ya seli. Sulfolobus, akea wa chemchemi moto zenye asidi, akipigwa na miale ya urujuanimno anaotesha pili maalumu, seli zinashikana na kupeana DNA, na hiyo inazisaidia kukarabati iliyoharibika. Kuna akea wengine wa chemchemi baridi za salfa Ujerumani, nyuzi zao zina kulabu nchani kama nanga ya mashua, na miiba mwili mzima wa uzi. Wanajinasa kwa hizo. Ukikosa cha kuandika kwenye desa baada ya hapo, basi wewe hukuwa unatafuta.

Nikapiga simu kituoni. Kapokea kijana, kanisikiliza, kisha: "Shikamoo mzee, hiyo mbona haitokagi kwenye mtihani?" Marahaba mwanangu. Kama haitokagi, kwa nini mmeichapa na kuichaji? Akaniambia nisubiri, atanipa mwalimu mhusika. Simu ikakatwa, na tangu hapo namba yangu haipokelewi.

Wazazi wa Moshi na Arusha, msinunue desa bila kulifungua. Na nyie wa kituo, najua mmo humu jamvini: ama mrudishe hela za watu, ama mchape ukurasa mmoja wa marekebisho muwagawie bure wote walionunua. Karatasi moja haiwafilisi. Mwenye toleo jipya la desa hilo apige picha kipengele cha akea aweke hapa, afiche jina la kituo, tuone kama wamebadilisha chochote.